UZI: Kodi ya mapato, mpaka siku gani ajenti njo atatuhesabia?

Kontable_Kampemba

Bandugu mujambo. Uzi huu ni murefu, mwenye hana wakati auache kwanza asome mangaribi.

Miye niko kontable hapa Lubumbashi, nafanya mishahara ya kampuni kidogo yenye inatumikia ma mine, batu 34, inaenda mwaka wa tisa sasa. Kila mwezi mbele ya tarehe 15 IPR inapashwa kuwa imeisha kulipiwa ku banke (IPR ni ile kodi yenye banakata ku mushahara, kwa benye habaijui kwa jina), na kila mwezi kuko mutu anakuja pa meza yangu na fishi yake ya malipo mu mukono, anaweka kidole pa mustari moja anauliza: hii imetoka wapi? Kujibu najua. Lakini kujibu kunaomba nusu saa, na ile mutu ni fundi mwenye anafungula ma moteri makubwa na kuyarudishia, haiko mutu wa kushindwa na hesabu.

Sasa wiki yenye ilipita mudogo wangu, eko na atelie ya sudere mu Katuba, alipitiwa na ma ajenti ya biro tatu mbalimbali mu siku ine. Kila biro na karatasi yake na muhuri yake. Moja ilimuandikia 600.000 franga, bakaongea, bakaongea, ikashuka mpaka 150.000, risiti hakuna. Usiku alinipigia simu anauliza: yaya, ya kweli ilikuwa ngapi? Na miye, na hii miaka yote mu kazi, nikamwambia ngoja nitazame. Ile "ngoja nitazame" njo imenikalia mu kichwa mpaka leo.

Yenye naamini ni hii: kodi yenye mwenye kulipa hawezi kujihesabia, ajenti njo atamuhesabia, na siku ajenti anahesabu peke yake inageuka bei ya ku soko, munaanza kupatana. Hata bashushe asilimia mara ngapi, kama hesabu inabakia mu giza, mudogo wangu ataendelea kupatana.

Tuanze na musingi. Hesabu zote za uzi huu ni za bareme (meza ya asilimia za kodi) yenye ilikuwa inatumika mbele ile sheria mupya ya 2023 ianze kazi. Sheria yenye imetuongoza hii miaka yote ni ordonansi-loi nambari 69/009 ya tarehe 10 mwezi wa pili 1969. Ni sistemi ya sedule, maana yake mapato ya mutu inagawanywa mu bikapo bitatu: feza ya kupangisha nyumba, feza ya mutaji yenye kuzaa (faida ya ma aksio na bintu ya vile), na feza ya kazi. Ile ya kazi inagawanyika tena, mushahara inaenda ku IPR, faida ya biashara inaenda ku IBP. Kila kikapo na asilimia yake na fomu yake, na habijumulishwe hata siku moja.

Munaona matokeo? Mutu mwenye kuishi na mushahara tu anapanda ngazi: 3 kwa 100, alafu 15, alafu 30, alafu 40. Jirani yake mwenye nyumba tano za kupangisha analipa asilimia moja tu, 22 njo tulizoea, ikuwe nyumba moja, ikuwe makumi mbili. Na mwenye kutumika fasi mbili, kila patron anamukatia sawa vile ile ingine haiko. Tuhesabu pamoja. Mutu anapata 3.600.000 kwa mwezi ku patron mumoja: 162.000 ya kwanza kwa 3 ni 4.860, kutoka hapo mpaka 1.800.000 kwa 15 ni 245.700, inayobakia 1.800.000 kwa 30 ni 540.000. Jumla 790.560. Sasa ile feza ileile igawanywe ku ma patron mbili, 1.800.000 huku, 1.800.000 kule: kila mumoja anakata 250.560, jumla 501.120. Karibu 290.000 ya tofauti kila mwezi, na hakuna mwenye aliiba, ni vile tu bikapo habiongeane.

Ingia mu bareme yenyewe. Ile transhi (kipande cha mushahara chenye asilimia yake) ya chini ya 162.000 kwa mwezi (1.944.000 kwa mwaka) inakatwa kutoka franga ya kwanza. Zamani kulikuwaka transhi ya 0, kidogo lakini ilikuwako, alafu bakapunguza ma transhi, ikakuwa mwepesi kweli kuliko ile ya mbele yenye ilikuwa na ngazi kama kumi, lakini ile sifuri ikapotea mu njia. Na wakati baliweka 162.000, SMIG (mushahara ya chini kabisa yenye sheria inaruhusu) ilikuwa 7.075 kwa siku. Zidisha na siku 26: 183.950. Kwa hiyo mutu wa mushahara ya chini kabisa alikuwa anapita mupaka na kidogo tu. Mu 2025 SMIG ikapandishwa mpaka 14.500, mara 26 ni 377.000, na mupaka bakaiacha palepale pa 162.000. Mutu habakumuongezea nguvu ya kununua, bamurudishia tu kenye bei ya bunga ilishamukula, alafu nusu ya mushahara yake na zaidi inaingia mu transhi ya 15. Hii inaniuma kuliko yote, kwa sababu hakuna depute mwenye aliinua mukono kupigia kura kodi mupya ya maskini. Ilikuja yenyewe, franga ikishuka.

Kuko pia mambo ya ma primu. Feza ya nyumba haikatwe kama haipite 30 kwa 100 ya mushahara, transporti nayo na masharti yake. Ilikuwa na sababu nzuri, lakini fasi nyingi imekuwa kazi ya kontable kubadilisha majina ya feza. Kampuni kubwa iko na mutu wa kuifanya. Mama mwenye eko na pharmacie na bafanyakazi babili, hana.

Sasa mimi nataka nini. Nataka mapato ya mutu ikuwe jumla moja, na sheria ya 2023 (moja ya kodi ya makampuni, moja ya kodi ya mapato ya batu, IRPP) imeanza kutupeleka kule, hiyo naisifu bila kuficha. Lakini nataka na mbili zingine: sakafu yenye haikatwe, yenye kufungwa na SMIG kusudi ikipanda nayo inapanda bila kungojea bunge, na kwa mwenye biashara kidogo, kiwango yenye anaweza kuandika mu kaye yake mwenyewe na kulipa ku banke ao ku telefone bila kuona uso wa mutu. Transhi tatu zinatosha. Ma primu zote ziingie mu mushahara, tuache michezo ya majina.

Najua sijamaliza, semeni.

Muzee_wa_Kamalondo

Mwanangu umesema vizuri, lakini unaanzia 1969. Kodi hapa kwetu ni muzee kuliko vile. Babu yangu alitoka upande wa Kasenga akakuja kutumika Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) kwa sababu moja tu: kodi. Mukoloni aliweka ile kodi ya bantu beusi na dekreti ya 1910, na mu Katanga ilikuwa na kazi ya pili, kutosha bijana mu mashamba baende ku mine, juu kodi iliombwa kwa feza na feza ilikuwa paka kwa muzungu. Union Minière, ile kampuni kubwa ya mine, ilizaliwa 1906, ilikuwa na njaa ya mikono. Kwa hiyo batu bakisikia neno kodi, hata leo, masikio haisikie "barabara" ao "masomo", inasikia mutu mwenye bunduki anahesabu batu mu kijiji.

Mu wakati ya Zaïre tukapata ile CPM (kodi ya kichwa), kila mwanaume na yake, na barabarani unaombwa karatasi. Ninasema hivi kusudi ujue: hata ukiweka hesabu nyepesi ya mutoto wa muaka wa tatu, kama mutu haone kenye inarudi, atakimbia. Ile nyepesi itamusaidia tu kujua ngapi anakimbia.

Kontable_Kampemba

Muzee nakushukuru. Sikatai. Ila miye nafikiri zote mbili zinatembea pamoja: mutu mwenye anajua kama ametoa 82.500 mwezi huu anaweza kuuliza 82.500 yangu iko wapi. Mwenye alipatana mu mulango bila risiti atamuuliza nani?

MamaNaomi_Soko

Niko na duka ya bunga na mafuta pa soko ya Kenya, ile ya hapa Lubumbashi. Nimesoma yote mpaka mwisho, mutoto wangu alinisomea pa kwanza kisha nikajisomea. Kontable wewe unasema kiwango yenye naweza kuandika mu kaye. Sawa. Lakini munajua ile iko tayari? Sheria ya 2013 inasema mwenye anauzisha chini ya milioni 10 kwa mwaka analipa 50.000, imeisha. Mwenye kupita pale mpaka milioni 80 analipa 1 kwa 100 ya mauzo kama anauzisha bintu, 2 kwa 100 kama ni kazi ya mikono ao service. Ni nyepesi, hata miye naihesabu. Na inaniua.

Nitakuonyesha. Tuseme mufuko ya bunga nainunua 30.000 na nauzisha 31.000. Faida 1.000, na mu ile 1.000 mutoke mubeba-muzigo, mutoke place (feza ya fasi ya kuuzishia), mutoke mufuko yenye ilipasuka. Moja kwa 100 ya 31.000 ni 310. Kwa hiyo kwa faida yangu wananikata 31 kwa 100 mbele sijalipa mutu hata mumoja. Kampuni kubwa kabisa inalipa IBP 30 kwa 100 ya faida, na yake ni faida baada ya kutosha gharama zote! Miye wa bunga nakatwa kuliko yeye. Jirani yangu anauzisha bipodozi na mapambo, faida yake inaweza kuwa nusu ya bei, yeye 1 kwa 100 haioni hata.

Kwa hiyo musiniambie nyepesi, nyepesi. Nyepesi kwa nani?

Kontable_Kampemba

Mama Naomi, umenifunga kinywa na nakubali mbele ya bote. Nimesoma ile hesabu mara mbili. Miye nilikuwa naona mauzo kama musingi muzuri juu inaonekana, haibishaniwe, lakini kweli kwa bunga, mafuta, karte ya simu, sukari, yenye faida ni ya kukwangula, 1 kwa 100 ya mauzo ni muzigo mukubwa. Basi labda kuwe na ma kundi mbili ao tatu za biashara, bintu ya chakula ya musingi ikuwe kidogo kabisa, nusu ya ile ao chini yake, na ikae imeandikwa pa ukuta ya soko kwa herufi kubwa. Ninaogopa makundi kumi na tano, juu pale ajenti atarudia: "hapana mama, wewe uko kundi ya saba."

MamaNaomi_Soko

Makundi mbili. Chakula na bingine. Kila mutu anajua chakula ni nini.

Declarant_Kasumba

Nyie munahangaika, tazameni ngambo. Niko Kasumbalesa, pa mupaka na Zambia, kazi yangu ni makaratasi ya ma kamio, mukwe wangu anatumika Chingola. Kule Zambia PAYE yao (kodi ya mushahara) tangu 2024: kwacha 5.100 ya kwanza ya kila mwezi, sifuri. Kisha 20, kisha 30, kisha 37. Ngazi ine na ile ya kwanza haikatwe. Mukwe wangu hakusoma sana lakini ukimuuliza banamukata ngapi anakujibu bila kutazama karatasi. Na ile 5.100 haikukaa palepale, mu 2023 ilikuwa 4.800, baliisogeza.

Tofauti ya sisi na beye ni kilometa chache na barrière moja. Ninaandika hivi na uchungu, juu kila siku naona ma kamio ya cuivre (shaba) inapita mbele ya macho yangu, haiko kwamba ni sisi njo tuko maskini.

Bukavu_Kadutu

Salamu kutoka Bukavu. Huku kwetu hata tusiongee bareme kwanza, tuongee wingi ya milango. Mutu ya duka kidogo ku Kadutu analipa patanti (ruhusa ya kufanya biashara), analipa taxe ya soko ya kila siku, analipa ya usafi, kila mamlaka yenye inapita inakuja na yake. Katiba ya 2006 kifungu ya 174 inasema wazi kama hakuna kodi isipokuwa kwa sheria. Lakini nani anabeba sheria mu mufuko? Ajenti anabeba kitabu ya risiti, na hiyo kitabu njo sheria mbele ya mama mwenye hakusoma.

Miye napenda ile ya sakafu, lakini mutu ya soko haiko na fishi ya malipo. Kwake urahisi ni mulango moja. Mutu mumoja, karatasi moja, mara moja kwa muaka ao mara ine, kisha mwengine akikuja unamuonyesha ile karatasi na anageuka.

Ex_Ajenti

Nilitumika mu kodi miaka 22, sasa niko nyumbani. Sitataja biro. Nisikilizeni bila kunitukana.

Sedule haikuwa ujinga. 1969 Leta (serikali) ilikuwa na macho machache, haikuweza kufuata kila mutu, kwa hiyo ilisema: mwenye kulipa feza njo atakata. Patron anakata ku mushahara, kampuni yenye kupanga nyumba inakata 20 ku feza ya nyumba mbele ya kumupa bwana nyumba, banke inakata ku interè. Unakata ku chemchem, mutu hana hata haja ya kujua kusoma. Ukiweka jumla moja ya mapato, nani atajumulisha? Mutu mwenyewe na deklarasio ya kila muaka. Mu inchi yenye wengi habana adresse yenye kusomeka, utangojea ile deklarasio mpaka lini? Watalipa paka bale bale ba mushahara, juu beye habawezi kujificha.

Ya pili. Munasema ajenti anapatana. Ni kweli, niliona, na kuko siku nilinyamaza wakati nilipashwa kusema. Lakini muulize pia ajenti anaishi na nini. Mushahara ya musingi ni kidogo, kisha kuko primu, na sehemu ya primu inatoka mu ma penalite. Mutu mwenye anakula ku penalite utamwambia akufundishe kujaza fomu vizuri? Akikufundisha anajinyima. Hapa njo mungepashwa kupiga nyundo ya kwanza, mbele ya bareme. Fungeni primu ya ajenti ku hesabu ya batu benye banadeklare bila makosa, mutaona ginsi atakuwa mwalimu muzuri.

Ya tatu, ile milioni 80. Ukipita pale unaingia mu TVA (kodi yenye inaongezwa ku bei ya kuuzisha) ya 16 na IBP ya 30 na kontabilite kamili. Mutu anafika 75, anasimama. Anafungua duka ya pili kwa jina ya bibi yake, ya tatu kwa jina ya mutoto wa miaka 19. Niliona mutaa muzima mwenye ilikuwa ya mutu mumoja. Ngazi yenye mupando moja ni kama ukuta, batu habapande ukuta, banazunguka. Tengenezeni mutelemuko pale katikati.

Kontable_Kampemba

Mukubwa, asante sana, hakuna mwenye atakutukana hapa, na kama kuko nitamujibu mimi mwenyewe.

Ku ya kwanza: hatuombe kuacha kukata ku chemchem, ibakie. Mutu mwenye mushahara moja tu asijaze kitu, kodi yake imekwisha pale patron alikata. Deklarasio ya muaka ikuwe tu kwa mwenye ana bikapo mbili na zaidi: ma patron mbili, ao mushahara na nyumba. Hao habako wengi sana na wengi bao banajua kusoma, wengine banajua kupita sisi bote. Tena numero impo iko, NIF, ikifatana na mutu ku kila patron na ku kila bwana nyumba, kujumulisha kunakuwa kazi ya mashini. Tulishaona mufano: IPR, CNSS (kasha ya pensheni), INPP (ya mafunzo ya kazi) na ONEM (biro ya kazi) walianza kuziweka pa deklarasio moja. Zamani nilikuwa natembea na ma enveloppe ine, sasa karatasi ni moja. Kama ine ziliweza kuingia mu moja, ile ya nyumba inashindwa nini?

Ila pale kuko mufupa: feza ya kupangisha nyumba inaenda ku provensi, mushahara inaenda Kinshasa. Ukijumulisha, nani anashika? Provensi itakataa na itakuwa na haki, juu ile 40 kwa 100 yenye kifungu ya 175 inasema ibakie mu provensi, hakuna hapa mwenye hajui vile inachelewa. Tangu Katanga ikatwe vipande bine mu 2015 kila provensi inatafuta feza ya kuishi, na ikikosa ya Kinshasa inatengeneza ka taxe kapya. Kwa hiyo bikapo bitatu habikai tu juu ya uvivu, kila kikapo kiko na mwenyewe. Kwangu dawa ni banke igawanye palepale feza ikiingia, sehemu ya provensi ku kompte ya provensi, siku ileile, bila kuomba rétrocession (Kinshasa kurudishia provensi sehemu yake) na kupiga magoti.

Ku ya pili, ya primu na penalite, sina cha kuongeza. Ningekuwa naweza kuandika uzi upya ningeanzia pale.

Ex_Ajenti

Ile ya banke kugawanya palepale, tuliiongea mu ma réunion tangu zamani. Inawezekana kiufundi. Yenye inakosekana si mashini.

Fundi_Moteri

Miye swali kidogo. Kwa nini mutu wa 40 kwa 100 muliogopa kumutaja? Kuko batu ba mamilioni mingi kwa mwezi hapa Lubumbashi.

Kontable_Kampemba

Yaya, 40 iko ku karatasi juu ya 3.600.000 kwa mwezi, lakini sheria ileile inasema IPR yote haiwezi kupita 30 kwa 100 ya mapato. Kwa hiyo kwa bakubwa sana ile 40 inakatwa kichwa, inabakia 30. Ni mufano muzuri wa kenye nasema: unatangaza 40, unakata 30, na ma transhi inatumika kufurahisha macho. Andikeni 30 ya mwisho tuijue.

Mwalimu_Ruashi

Nimekuwa nafuata kimya. Nafundisha ku masomo ya privé, niko na bibi na batoto batano. Mushahara yangu brut (mbele ya kukatwa) 620.000. Fishi inasema CNSS 31.000, IPR 68.910. Nimejaribu kufuata hesabu ya Kontable na napata ileile 68.910. Kwa hiyo banakata sawa, ao?

Kontable_Kampemba

Mwalimu, umehesabu vizuri: 620.000 toa 31.000 ni 589.000. 162.000 kwa 3 ni 4.860, inayobakia 427.000 kwa 15 ni 64.050, jumla 68.910. Lakini haijaisha. Sheria inatosha 2 kwa 100 ya kodi kwa kila mutu mwenye unachunga, mpaka batu kenda. Bibi na batoto batano ni sita, ni 12 kwa 100. 12 kwa 100 ya 68.910 ni 8.269. IPR yako inapashwa kuwa 60.641.

Ku fishi yako kuko mustari yenye inaandikwa "personnes à charge" ao "PAC"? Tazama nambari gani iko pale.

Mwalimu_Ruashi

Iko. Banaandika 0.

Miaka ine sasa niko pale.

Kontable_Kampemba

Pole sana ndugu yangu. Usiende na hasira, mara nyingi haiko ubaya, mutu alijaza ile siku ya kwanza na hakuuliza tena. Peleka kopi ya akte ya ndoa na akte za kuzaliwa za batoto bote batano, omba bakuandikie accusé ya kupokea. 8.269 mara 12 ni 99.228 kwa muaka.

MamaNaomi_Soko

Hiyo ni mifuko mitatu ya bunga na kidogo.

Mwalimu_Ruashi

Batoto batatu bako na akte, babili bado, walizaliwa tukiwa Kasenga. Nitaanza na ile tatu na ya ndoa, itakuwa batu bane, 8 kwa 100. Nimehesabu mwenyewe: 63.397. Ni vile?

Kontable_Kampemba

Ni vile vile.